Taichi kwa Wazee Wetu, Ili Wasianguke



Nimepewa dakika chache, nami nimechagua kuzungumzia miguu. Kila aingiaye hekaluni huvua viatu mlangoni. Kijana huvua akiwa amesimama, mguu mmoja hewani, huku akiongea na mwenziwe. Mzee hushika nguzo, au hutafuta bega la mjukuu. Asiyeweza kusimama kwa mguu mmoja hata sekunde tano yu karibu na kuanguka kuliko anavyodhani.

Tumezoea kusema, "Ni uzee tu." Sikubaliani na neno hilo, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60, inanipa haki ya kulipinga. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengine huvunjika nyonga, wakalala miezi. Hata wakipona hubaki na hofu, na hofu hiyo ni ugonjwa wa pili: mzee haendi sokoni, haji hekaluni, haendi msikitini wala kanisani, misuli hulegea kwa kukaa, naye huanguka tena.

Mwili husimama wima kwa msaada wa macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo, misuli ikitii. Umri hupunguza vyote hivyo, lakini mazoezi hurudisha sehemu yake. Taichi ilizaliwa China kama sanaa ya kujihami. Magoti hulegezwa kidogo. Uzito wote huhamishwa polepole kutoka mguu mmoja hadi wa pili. Kisigino hutua kwanza, kisha unyayo. Kiuno hugeuka na macho hufuata mkono. Kwa kuwa mwendo ni wa pole, mguu mmoja hulazimika kuubeba mwili kwa muda mrefu kuliko tunapotembea. Vijana hucheka wakidhani ni mchezo wa kuvizia kuku. Wajaribu dakika kumi, mapaja yatawajibu.

Ndugu zangu wataniuliza: yoga tunayo, ya Wachina ya nini? Yoga naiheshimu tangu utotoni. Lakini mkao wa mti hufunza kusimama tuli, na mzee mara nyingi huanguka akipiga hatua au akigeuka. Tena, kujifunza kwa Wachina si jambo geni mtaani kwetu. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, hapo jirani Ubungo, kilijengwa kwa msaada wao kikafunguliwa mwaka 1968.

Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Oregon, Marekani, kwa watu 670 wenye miaka 70 na zaidi, ambao walikwisha kuanguka au walitembea kwa shida. Waliofanya taichi saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walianguka pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Sijui dawa ya dukani yenye faida kama hiyo kwa bei kama hiyo.

Hata hivyo, zoezi haliondoi utelezi. Mimi huuza vifaa vya ujenzi, na mteja akitaka vigae ving'aavyo vya bafuni humwuliza kwanza kama kwake kuna mzee. Chukueni vyenye mikwaruzo, na mfunge chuma cha kushikia ukutani.

Kamati imekubali ukumbi ufunguliwe kila Jumamosi na Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bila malipo, kwa waumini na majirani wa dini yoyote. Viti vya kushikia vitapangwa kando ya ukuta. Anayetumia dawa za shinikizo la damu, au apatwaye na kizunguzungu, amwone daktari wake kwanza. Nguo ziwe pana. Atakayeletwa na mjukuu, mjukuu naye atafanya.