TAREHE MBILI KATIKA TAARIFA YA BENKI: MAELEZO KWA WATUNZA HAZINA, KIKWE

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa kwa watunza hazina wa vikundi vya akiba na mikopo na wa kamati za maji, Kata ya Kikwe, Wilaya ya Meru, Mkoa wa Arusha. Yanachapishwa hapa kwa kuwa jambo lenyewe linamhusu kila mwananchi mwenye akaunti benki.)

Nimeombwa nieleze jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni dogo, lakini limevunja imani katika vikundi vingi na kuwavunjia heshima watunza hazina wasiokuwa na hatia. Jambo hilo ni tarehe mbili zinazoandikwa katika mstari mmoja wa taarifa ya benki.

Ndugu Wananchi, tarehe ya kwanza ni ya kuingizwa. Hiyo ni siku ambayo benki iliandika fedha katika daftari la akaunti yenu. Tarehe ya pili ni ya thamani, na katika taarifa za Kiingereza safu yake huitwa Value Date. Hiyo ni siku ambayo benki inaanza kuzihesabu fedha hizo kuwa ni zenu kwa ajili ya riba. Mara nyingi, hasa zinapokuwa fedha za hundi, ndiyo pia siku zinapoanza kuwa huru kutolewa. Tarehe hizo zinaweza kuwa siku moja. Zinaweza pia kupishana kwa siku kadhaa, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Kwa nini zipishane? Mtu akiwapa hundi, hajawapa fedha. Amewapa amri iliyoandikwa, inayoitaka benki yake iwalipe. Mkiipeleka hundi hiyo kwenye benki yenu, karani huipokea na kuiandika siku hiyohiyo. Lakini benki yenu bado haijapata kitu. Inabidi iidai benki iliyoandikwa juu ya hundi, na benki hiyo itazame kama mteja wake ana fedha za kutosha na kama sahihi ni yake. Jibu likiwa ni ndiyo, fedha huhama. Likiwa ni hapana, hundi hurudishwa, na kile kilichoandikwa katika akaunti yenu hufutwa.

Zamani safari hiyo ilikuwa ndefu kweli. Tangu mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, hadi ilipogawanywa mwaka 1997, Benki ya Taifa ya Biashara ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya shughuli za benki Tanzania Bara, na hundi zilisafiri zikiwa karatasi kutoka mji hadi mji. Leo mambo yamebadilika. Mwaka 2004 Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mfumo wa malipo makubwa baina ya mabenki, ambamo kila malipo hukamilishwa peke yake, siku hiyohiyo. Kwa upande wa hundi, siku hizi kinachopelekwa ni picha badala ya karatasi. Muda umefupishwa, lakini haukufutwa.

Isitoshe, sisi sote sasa tumezoea simu. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, mtu hutuma shilingi akiwa soko la Tengeru na mwenzake huzipokea papo hapo. Hapo hakuna kungoja. Mazoea hayo ni mema, lakini yanatufanya tuitazame hundi kama tunavyoutazama ujumbe wa simu. Tunaona tarakimu zimeongezeka, tunasema fedha zimeingia.

Naomba tuchukue mfano. Kikundi cha wakulima wa nyanya kinalipwa na mnunuzi hundi ya shilingi 3,000,000. Mtunza hazina anaipeleka benki siku ya Ijumaa. Taarifa inaonyesha fedha zimeingizwa Ijumaa, lakini tarehe ya thamani ni Jumatano inayofuata, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili si siku za kazi za mabenki kudaiana. Tuseme akaunti haikuwa na kitu kabla ya hapo. Jumatatu kikundi kinamwandikia muuza mbolea hundi ya shilingi 3,000,000. Hapo mawili yanaweza kutokea.

La kwanza, benki inaikataa hundi ya kikundi. Muuza mbolea anarudi na karatasi yake, mbolea haitoki, mvua haimsubiri mtu, na benki inatoza ada ya hundi iliyorudishwa. La pili, kama kikundi kina makubaliano na benki ya kukopa kwa kuzidisha salio, benki inalipa lakini inahesabu riba. Fedha za mbolea zikitoka Jumatatu, basi kwa Jumatatu na Jumanne kikundi kilikuwa kinadaiwa shilingi 3,000,000. Kwa riba ya mfano ya asilimia 18 kwa mwaka, siku moja ni takriban shilingi 1,479, na siku mbili ni takriban shilingi 2,959. Ajabu yake ni kwamba ukisoma safu ya salio peke yake, hutaona hata siku moja ambayo akaunti ilikwenda chini ya sifuri. Wanachama wataona makato, hawataona deni, na macho yote yatamgeukia mtunza hazina.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo penye uzito wa maelezo yangu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata penye daftari, mtu anaweza kuhukumiwa kwa wizi ambao haukutokea, kwa sababu waliolisoma walisoma tarehe moja na kuiacha ya pili.

Haina maana kwamba benki haikosei, wala kwamba kila tarehe inayoandikwa ni ya haki. Ikiwa mmeweka fedha taslimu dirishani, hakuna hundi ya kudai wala benki nyingine ya kungojea. Mna kila sababu ya kuuliza iwapo thamani imesogezwa mbele. Swali hilo limefika hata mahakamani katika nchi nyingine. Huko Ujerumani, mwezi Januari 1989, Mahakama ya Shirikisho ilibatilisha sharti la benki lililohesabu thamani ya fedha taslimu kuanzia siku ya kazi inayofuata. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zilikubaliana, katika maagizo ya mwaka 2007, kwamba fedha anazotumiwa mteja zipewe thamani isiyochelewa kupita siku ya kazi ambayo benki yake imezipokea.

Aidha, tarehe ya thamani inaweza kurudi nyuma kwa faida yenu. Benki ikigundua kuwa ilikata fedha kimakosa, huandika marekebisho leo lakini inapaswa kuyapa thamani ya siku ya kosa, ili msipoteze riba. Mkirudishiwa fedha, tazameni kama na tarehe imerudishwa.

Kwa hiyo nashauri mambo manne:

Kwanza, kabla ya kuandika hundi yoyote, ulizeni salio linaloweza kutolewa, si salio la daftari peke yake.

Pili, katika daftari la kikundi wekeni safu mbili za tarehe, kama ilivyo katika taarifa ya benki, na mtunze kila hati ya kuweka fedha.

Tatu, fanyeni usuluhisho wa hesabu za benki kila mwezi, mbele ya mjumbe mwingine wa kamati. Hundi iliyopokewa tarehe 30 Desemba inaweza kuwa na thamani ya Januari. Msipoieleza kwa maandishi, hesabu za mwaka zitaonekana kuwa na pengo.

Nne, mkiona tarehe msiyoielewa, iulizeni benki kwa barua na mtunze nakala. Mfanye hivyo kabla ya kuitisha mkutano wa kumwondoa mtu.

Ndugu Wananchi, mkulima wa Kikwe hahitaji kufundishwa kwamba mahindi yaliyo shambani, hata yakiwa mabichi na mazuri, bado si ya kuuzwa kwa gunia. Kila zao lina siku yake ya kukauka na kupimwa. Fedha za hundi nazo zina siku yake, na siku hiyo imeandikwa. Kilichobaki ni sisi kuisoma.