Homoni, bamama wazee na ugonjwa wa kusahau
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama



Tangu tuanze kutembelea nyumba za waliorudi kutoka kambi ya Nyarugusu, tunasikia neno moja: "Mama amebadilika." Anasahau sufuria ku moto. Anauliza njia ya mtoni, ile aliyoipita tangu utoto. Kisha majirani wanaanza kunong'ona kwamba ni mulozi. Njo maana leo tunaongea juu ya Alzheimer, na juu ya ulizo la bamama wenyewe: kwa nini sisi wanawake zaidi?

Ulizo ni la kweli. Alois Alzheimer, muganga Mjerumani aliyeeleza ugonjwa huu mwaka 1906, mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama, Auguste Deter, aliyeingia hospitali ya Frankfurt akiwa na miaka 51 tu. Leo kule Marekani, karibu wawili kati ya wagonjwa watatu ni wanawake. Sababu moja ni kwamba wanawake wanaishi miaka mingi zaidi. Lakini watafiti wanaangalia pia homoni.

Estrojeni haifanyi kazi ya uzazi peke yake. Inausaidia ubongo kutumia sukari kama nguvu. Karibu na miaka 50, damu ya mwezi inapokoma, estrojeni inashuka sana. Kwa mwanaume, testosteroni inashuka polepole, na ubongo wake unageuza sehemu yake kuwa estrojeni. (Ndiyo, bababa, hata ninyi muko nayo, musicheke.) Na mama aliyetolewa ovari zote mbili akiwa angali kijana, bila kupewa homoni za badala, anaonekana kuwa na hatari zaidi uzeeni.

Basi mtu atasema: tununue vidonge vya homoni, tuwape bamama wazee. Hapo tunaomba musikilize vizuri. Marekani walijaribu kwa wanawake zaidi ya 4,500, wote wa miaka 65 na kuendelea. Wamoja walipewa estrojeni pamoja na projestini, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka 2003: kwa wale wa homoni, 40 walishikwa na ugonjwa wa kupoteza akili, kwa wengine, 21. Karibu mara mbili! Kwa mama anayeanza homoni karibu na miaka 50, wataalamu wangali wanabishana. Muganga anaweza kumpa juu ya joto la mwili na kukosa usingizi, si juu ya kuzuia kusahau. Kwa hiyo, mwenye kuwauzia vidonge hivyo sokoni kama dawa ya akili, musimupe hata franka moja.

Kile tunaweza, ni kupima tansio na sukari, juu hivyo viwili vinaharibu ubongo pia. Tena si kila kusahau ni Alzheimer: malaria, huzuni nyingi, kukosa vitamini, vyote vinaweza kumvuruga mzee, na vinatibika. Mpelekeni kwanza kituo cha afya, mbele ya kumpeleka kwa mwenye kutabiri. Wafadhili, pesa ya safari hiyo ndiyo inayokosekana mara nyingi, kuliko dawa.

Sasa maulizo. Tuanze na bamama walioketi nyuma.