Mazungumzo Baada ya Habari: Elimu ya Juu na Wajibu wa Askari

Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa mwaka 1975. Mwaka 1989, vita vilipopamba moto, kilihamishiwa Khartoum, na hakikuweza kurejea nyumbani ila baada ya Mkataba wa Amani wa mwaka 2005. Ndugu askari wa jeshi na polisi, historia hiyo yatosha kuonyesha kwamba elimu haina makao pasipo usalama.

Leo wanafunzi wanahitaji kompyuta na intaneti. Haja hiyo si anasa. Machi 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga vyuo, mwanafunzi asiye na umeme wala mtandao hakuwa na darasa. Ndiyo maana swali la wanafunzi si kama teknolojia ni njema. Swali lao ni umeme utatoka wapi, gharama ya mtandao italipwa na nani, na mhadhiri mwenyewe atafunzwa lini.

Nchini Tanzania, Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha watu walio mbali, wakiwa kazini mwao. Kwa njia kama hiyo hata askari aliye kambini aweza kujipatia shahada.

Basi nguzo ya umeme, waya na mnara wa mawasiliano si vyuma vitupu. Avikataye au kuviiba huwafungia maelfu mlango wa darasa. Kuvilinda ni sehemu ya ulinzi wa taifa.