Bisi na Njugu Katika Chokoleti: Hotuba kwa Kina Mama wa Thika na Ruiru

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa mjini Ruiru mbele ya mkutano wa kina mama wa Thika na Ruiru wanaotaka kutengeneza vitafunio vya kuuza. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Niliambiwa kwamba hamtaki maneno mengi, mnataka kuona sufuria. Sufuria nimekuja nayo, na moto umekwisha washwa pale nyuma. Lakini kabla ya kukoroga, yako mambo matatu au manne ambayo asiyeyajua atapoteza fedha zake, na moja katika hayo laweza kumdhuru mtoto wa mwenziwe. Kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Chakula tutakachofanya leo ni mchanganyiko wa bisi, njugu karanga na makadamia, uliotiwa chumvi kidogo na kuvikwa chokoleti. Utamu na chumvi pamoja si jambo geni kwetu. Wahindi wenye maduka walituonjesha chevda zamani, yenye chumvi, pilipili na sukari katika mkono mmoja, na watu wa pwani hupika kashata za njugu tangu kale. Huko Marekani, tangu miaka ya 1950, akina mama wamekuwa wakichanganya nafaka za asubuhi na njugu, siagi na chumvi kwa ajili ya wageni. Baadaye wengine wakazivika chokoleti. Nafaka hizo za boksi ni ghali hapa. Bisi ni nafaka vilevile, na kilo moja ya mahindi ya bisi hujaza karai kubwa. Sioni sababu ya kununua boksi.

Nianze na makadamia, kwa kuwa ndiyo mali yetu. Mti huu asili yake ni Australia. Mlowezi mmoja, Bwana Bob Harries, aliuleta na kuupanda karibu na Thika mwaka 1946, na tangu miaka ya 1970 viwanda vya kubangua vimekuwako mjini Thika. Leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazotoa makadamia nyingi duniani. Hata hivyo, nikiuliza ni wangapi hapa wenye miti shambani, mikono mingi itainuka. Nikiuliza ni wangapi wamepata kuzila zilizokaangwa vizuri, nadhani itainuka michache. Tunauza na ganda lake, kwa kilo, kwa bei atakayosema mnunuzi. Mwaka 2022 na 2023 bei hiyo ilianguka vibaya mno, na wako waliokata miti yao kwa hasira. Sisemi kwamba sufuria yangu itaponya soko la dunia. Nasema tu kwamba njugu uliyoikaanga, ukaitia chumvi na kuivika chokoleti, hupimwa kwa gramu wala si kwa gunia, na bei yake waitaja wewe.

Lakini hapana budi iwe njugu iliyokomaa. Makadamia huokotwa chini baada ya kudondoka yenyewe. Anayepanda mtini na kuzipukutisha, au mwizi anayekuja usiku na fimbo, hupata njugu changa, ambayo ina mafuta machache na ikikaangwa hugeuka nyeusi na kuwa chungu. Ndiyo sababu Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa ikifunga msimu wa kuvuna kwa miezi kadhaa. Jaribio lake ni rahisi. Zikisha banguliwa, tia kokwa katika bakuli la maji safi. Kokwa iliyokomaa, yenye mafuta kupita sehemu 72 katika mia, huelea, changa huzama. Zilizozama ziweke kando. Zilizoelea zikaushe mara moja, juani kisha katika moto mdogo sana, kwa maana maji ni adui wa kazi yetu yote ya leo, kama mtakavyoona.

Sasa njugu karanga, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Mnakumbuka habari za mwaka 2004, sehemu za Ukambani, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Sumu ile huitwa aflatoksini, na karanga huipata upesi kama mahindi, au kuliko mahindi, zikihifadhiwa na unyevu. Sheria ya Kenya hairuhusu zaidi ya mikrogramu 10 katika kilo moja ya chakula. Ni kiasi kidogo hata jicho haliwezi kukiona, wala ulimi hauwezi kukionja. Watu wengi hudhani kwamba moto huimaliza. Sivyo. Kukaanga kwaweza kuipunguza, lakini hakuiondoi. Na chokoleti huficha rangi na ladha, kwa hiyo mwenye moyo mbaya angeweza kuvika njugu mbovu na kumwuzia mtoto wa shule. Hata mwenye moyo mwema huweza kufanya hivyo kwa uvivu.

Basi chambua kwa mkono, mchana, mahali penye mwanga. Ondoa iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyobadilika rangi, na yenye ukungu. Kisha msifanye kama nilivyoona nyumba moja ikifanya, ya kuzikusanya zile zilizotupwa na kuzisaga ziwe siagi ya njugu. Wala msimpe ng'ombe, kwa kuwa sumu hiyo hupita mwilini mwake na kuja katika maziwa, na maziwa hayo watayanywa watoto walewale. Zichomeni. Najua inauma kuchoma kitu ulichokinunua. Nunueni kwa mtu anayekausha vizuri, ijapokuwa ni ghali kidogo, nanyi mtachoma chache.

Baada ya kuchambua, kaangeni karanga kwa moto wa wastani, mkikoroga bila kupumzika, hata ngozi ilegee na harufu itoke. Zikipoa, zisugueni kwa viganja na kuzipepeta kwa ungo. Kazi hii mnaijua kuliko mimi.

Bisi nazo zina siri yake. Punje ya mahindi ya bisi ina maji ndani yake, kiasi cha sehemu 14 katika mia. Joto likifika karibu digrii 180, maji yale hugeuka mvuke na kuipasua punje. Mahindi yaliyokauka kupita kiasi hayapasuki. Yale yasiyopasuka huvunja meno, kwa hiyo yatikiseni yote yashuke chini ya karai, kisha mchote bisi za juu kwa mkono. Msitie siagi. Siagi ina maji.

Nafika kwenye chokoleti. Ni hapa nilipotia aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipojaribu, niliyeyusha chokoleti ya kilo nzima nikaiona nzito, nikasema, "Nitaongeza maji kidogo, kama uji." Kijiko kimoja tu! Mara ile chokoleti ikashikamana kama udongo wa mfinyanzi, ikakataa kukorogeka. Sababu yake ni kwamba chokoleti ni mafuta yenye vumbi la sukari na kakao ndani yake, wala hayana maji. Tone moja likiingia, sukari hulikimbilia, inanata, na yote hugandamana. Hata mvuke wa sufuria waweza kufanya hivyo, au mwiko uliooshwa bila kufutwa. Jambo hili likikupata, usiitupe. Ongeza maziwa ya moto mengi, uinywe na jamaa zako. Haitafaa tena kuvika njugu.

Njia iliyo salama ni hii. Chemsha maji kidogo katika sufuria, kisha uiepue kabisa motoni. Hapa kwetu, tulipo kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi na si 100, lakini hata hivyo ni moto mno kwa chokoleti, ambayo haipendi kupita digrii 45. Weka bakuli kavu juu ya sufuria, lisiguse maji. Katakata chokoleti, utie theluthi mbili, ungoje iyeyuke, ukoroge polepole. Kisha ondoa bakuli, futa chini yake, utie theluthi iliyobaki na kukoroga hata iyeyuke yote. Jaribu tone dogo juu ya mdomo wako: likiwa baridi kidogo kuliko mdomo, iko tayari. Chokoleti iliyofanywa hivi hukauka kwa mng'ao na kuvunjika kwa sauti. Iliyochemshwa ovyo hutoka na weupe juu yake baada ya siku chache. Weupe huo ni mafuta yaliyopanda, si kuvu, na haudhuru. Lakini jaribu kumweleza hayo mwenye duka!

Yuko atakayeuliza juu ya bei. Ni swali la haki. Kakao nyingi ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana, na huko mvua mbaya na magonjwa ya miti yalipunguza mavuno, hata mwezi wa Desemba 2024 tani moja ikapita dola 12,000 katika soko la New York, ambapo miaka michache nyuma ilikuwa kama dola 2,500. Baadaye bei ilishuka, lakini mwenye biashara ndogo alikwisha kuumia. Majirani zetu wanalima kakao, Bundibugyo huko Uganda na Kyela huko Tanzania, sisi hununua. Kwa hiyo wengi hutumia ile chokoleti ya bei nafuu, ambayo mafuta ya kakao yameondolewa na kutiwa mafuta mengine ya mimea. Haina ladha ileile, nakiri, lakini haihitaji ule ufundi wa theluthi, na huvumilia joto vizuri zaidi. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye digrii 34 hivi, na ndani ya matatu iliyosimama juani adhuhuri, mwezi wa Februari, joto hupita hapo. Mimi niliwahi kuchukua pakiti 40 kutoka Thika kuja hapa Ruiru, mwendo mfupi tu, nikafika na pakiti 40 za matope. Tumieni mpendayo, ila andikeni ukweli juu ya pakiti.

Vipimo ni hivi: mahindi ya bisi gramu 100, karanga zilizokaangwa gramu 300, makadamia zilizokaangwa na kuvunjwa vipande gramu 150, chokoleti gramu 350, na chumvi laini kijiko kidogo kimoja kisichojaa kupita ukingo. Njugu zote ziwe zimepoa. Wekeni bisi na njugu katika karai pana, mmimine chokoleti kwa kuzungusha, mkigeuza kutoka chini kwa miko miwili ili bisi zisipondeke. Msitake kila punje ifunikwe; yenye weupe kidogo hupendeza. Tandazeni juu ya sinia lenye karatasi ya nta, na hapo ndipo mnyunyize chumvi, kabla haijakauka. Kwa nini mwisho? Kwa sababu chumvi haiyeyuki katika mafuta. Ikibaki juu, ulimi huikuta kwanza, ndipo utamu ufuate, na kijiko kimoja kinatosha. Ukiikoroga ndani utahitaji mara mbili, na mnunuzi atakunywa maji usiku kucha. Chumvi yetu ya Gongoni na Marereni yafaa kabisa. Ile nene isageni kwanza.

Mtapata kiasi cha gramu 880, yaani pakiti 17 za gramu 50, kama watoto hawako karibu. Katika hesabu ya gharama tieni makaa au gesi, pakiti, nauli, zile karanga mlizozichoma, na saa zenu. Nimeona vikundi vikifa kwa kusahau saa zao. Ili maduka yapokee, mtahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, na kila mwenye kushika chakula awe na cheti cha afya cha kaunti. Ni gharama, na kikundi kitaibeba kwa urahisi kuliko mtu mmoja. Pakiti iandikwe wazi kwamba ina njugu, kwa kuwa wako watu ambao njugu huwafunga pumzi, na mtoto mdogo asiyetafuna vizuri asipewe kabisa. Hata mbwa msimtupie makadamia, humdhuru.

Basi, maji yamekwisha chemka. Naomba kina mama wanne waje mbele, wawili kuchambua na wawili kushika miko. Oshani mikono, na tafadhali, ikausheni vizuri. Wengine mwaweza kuniuliza maswali huku kazi ikiendelea.