Udongo, Maji na Mmea



Sisi makarani tumezoea kuenenda kwa kalenda, na wengi wetu twaendesha hivyo hata mashamba yetu ya nyumbani. Twampelekea ndugu barua, "Mwagilia kila Jumamosi," kisha twastarehe. Hapo ndipo tukosapo.

Udongo ni ghala ya maji, na ghala hazilingani. Kichanga, kwa kina cha mita moja, humwekea mmea akiba ya milimita 60 hivi. Mfinyanzi huweka 180 au zaidi. Milimita moja juu ya eka moja ni lita 4,000 hivi, yaani madebe zaidi ya 200. Basi mwenye kichanga akifungulia maji usiku kucha, mengi hushuka chini ya mizizi, yakichukua na mbolea aliyoinunua kwa mshahara wake.

Tena mmea hauwezi kuifikia akiba iliyo mbali na mizizi yake. Kitunguu hunywa zaidi katika sentimita 30 za juu, nacho chataka maji kidogo kidogo, mara kwa mara. Muhindi huweza kupita mita moja, nao wastahimili nafasi. Ila wakati wa kutoa mbelewele na ndevu usiukoseshe, maana punje zipoteazo siku zile hazirudishwi na maji ya baadaye.

Haya tuliyajua kwa hasara. Vitunguu vyetu katika mfinyanzi viligeuka manjano. Tukadhani ni kiu, tukaongeza maji. Kumbe matundu ya udongo yalikwisha jaa, na mizizi ilikuwa ikikosa hewa. Nusu ya shamba ilioza. (Ndugu aliyemwagilia alitii barua yetu tu, wala hatukumlaumu.)

Na penye tambarare pasipo njia ya kutokea, maji yakizidi, yale ya chini hupanda. Jua huyakausha, chumvi ikabaki juu. Ndivyo yalivyoharibika mashamba mengi ya Punjab baada ya mifereji mikubwa ya karne ya 19.

Sasa shauri la zamu. Katika mifongo ya Kilimanjaro maji hugawanywa kwa zamu, na penye zamu mwenye mfinyanzi aweza kupokea maji asiyoyahitaji, kwa kuogopa kupoteza haki yake, hali jirani mwenye kichanga anaungua. Twaona heri wenye mfongo wakubaliane kuazimana zamu, nayo iandikwe daftarini, ili anayeiacha leo adai kesho.

Nasi tumekwisha andika barua nyingine nyumbani: "Chimba hadi penye mizizi, ufinye udongo. Ukiwa bado majimaji, mpe jirani."