Wayo Uliopinda Hunyooshwa Mapema

Mazungumzo ya leo yanahusu nyayo za watoto wachanga.

Wayo wa mtu mzima una mifupa 26. Mfupa wa kifundo hupokea uzito unaoshuka kutoka kwenye muundi. Chini yake upo mfupa wa kisigino, na mbele ipo mifupa midogo inayounda tao la wayo, kisha ile ya vidole. Kano ndizo huishikanisha. Iliyo nene kuliko zote hupanda kutoka kisiginoni hadi kwenye msuli wa shavu la mguu.

Kwa mtoto mchanga, sehemu kubwa ya mifupa hiyo bado ni gegedu, laini kama ncha ya sikio. Hapo ndipo penye nafuu.

Takriban mtoto 1 kati ya 1,000 huzaliwa na wayo uliopinda, mmoja au zote mbili: kisigino kimevutwa juu na unyayo umegeukia ndani. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Si laana, wala si kosa la mama.

Samaki mkunje angali mbichi. Njia ya matibabu inayotumika sana ilianzishwa na daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani. Kila wiki mhudumu huugeuza wayo taratibu kwa mkono, kisha huufunga plasta kutoka vidoleni hadi pajani. Plasta 5 hadi 7 kwa kawaida hutosha. Watoto wengi pia hukatwa ile kano ya kisigino kwa ganzi; huunga tena ndani ya plasta ya mwisho, ya wiki 3.

Kazi haiishii hapo. Mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa upau, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu hadi afike miaka 4 au 5. Wazazi wengine huona mguu umenyooka, wakaviweka viatu kando. Wayo hupinda tena. Kiatu kikimchubua mtoto, kirudishwe kliniki kirekebishwe.

Mtoto akizaliwa, hospitalini au nyumbani, nyayo zake zitazamwe. Zikiwa zimepinda, apelekwe kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Anayefichwa kwa aibu atakua akikanyagia upande wa wayo, kwa maumivu. Anayetibiwa mapema hukimbia na wenzake.