Kihisi Hiki Hakioni Nini? Vifaa vya Bei Nafuu vya Kutambua Vizuizi kwenye Roboti na Droni



Nimeombwa nizungumzie vihisi ambavyo mtu anaweza kuvinunua kwa fedha zake mwenyewe, bila ruzuku wala mfadhili. Wanafunzi hupenda kuniuliza, "Mwalimu, kipi kinaona mbali zaidi?" Nami huwarudishia swali: mashine yako inakwenda kwa kasi gani, na ikifunga breki inasimama wapi?

Tupige hesabu. Droni inaruka mita 5 kwa sekunde. Ikifunga breki, mwendo wake unapungua kwa mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde, na tangu kihisi kione ukuta hadi mota ziitikie inapita sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika kuchelewa huko pekee imeshasogea nusu mita. Breki zenyewe zinakula mita 3.1 nyingine. Kihisi kinachoona mita 2 hapo kinakupa habari ya ajali, basi. Shusha kasi hadi mita 3 kwa sekunde: droni inasimama ndani ya mita 1.4, na kihisi kilekile kinatosha. Umbali wa breki hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kwenda polepole, jambo lisilogharimu hata senti, mara nyingi kunasaidia kuliko kununua kihisi cha bei mara tano. Roboti ya sakafuni inayotambaa nusu mita kwa sekunde husimama ndani ya sentimita 20. Kwake suala la umbali limekwisha, linabaki lile nililoliandika kwenye kichwa cha mhadhara huu.

Chukueni HC-SR04, ile bodi yenye macho mawili ya duara ambayo karibu kila aliyeanza kuchezea Arduino ameishika. Jicho moja ni spika, la pili ni maikrofoni. Hutoa milio minane ya kilohezi 40, juu kabisa ya uwezo wa masikio yetu, kisha husubiri mwangwi. Kila maikrosekunde 58 za kusubiri ni sentimita moja ya umbali. Asili ya vihisi vya sauti katika roboti ni ya kupendeza. Mwaka 1978 Polaroid ilitoa kamera iliyopima umbali kwa sauti ili irekebishe lenzi yenyewe, na watafiti wa roboti wakavidaka vihisi vyake. Mwaka 1985 Hans Moravec na Alberto Elfes wa Carnegie Mellon walichapisha njia ya kuchora ramani kwa vihisi hivyo: eneo linagawanywa viraba, na kila kiraba kinapewa uwezekano wa kuwa na kitu au kuwa kitupu. Walihesabu uwezekano kwa sababu kipimo kimoja peke yake hakikuaminika.

Kwa nini hakikuaminika? Wimbi la sauti ya kilohezi 40 lina urefu wa milimita 8.6 hivi. Ukuta wa lipu laini, ambao mikwaruzo yake ni midogo kuliko hapo, kwa sauti hiyo ni kioo cha kujitazamia. Ukiuelekea moja kwa moja, mwangwi unarudi. Ukiujia kwa mshazari, sauti inateleza pembeni na kwenda zake, na roboti inaambiwa kwamba mbele ni peupe. Ndiyo maana utaiona ikiuvaa ukuta mzima mchana kweupe, mwenye nayo akilaumu programu. Tena sauti humezwa na vitu laini kama pazia, godoro na kochi. (Wapo wanaohangaika kurekebisha kasi ya sauti kwa sababu ya joto. Kati ya nyuzi 20 na 32 tofauti ni kama asilimia 2, yaani sentimita 4 katika mita 2. Kwa kukwepa vizuizi, achaneni nayo.)

Nuru ina tabia nyingine. VL53L0X ya STMicroelectronics, moduli ndogo kuliko kucha ya dole gumba, hutuma leza isiyoonekana ya nanomita 940 na kupima muda wa kwenda na kurudi. Wimbi hilo ni fupi mno hata lipu laini kwake ni mabonde na vilima, hivyo nuru hutawanyika na sehemu yake hurudi hata kwa mshazari. Pazia linaonekana vizuri. Dirisha la kioo, ambalo sauti isingelikosa ikilielekea moja kwa moja, nuru inalipita kana kwamba halipo, na kitu cheusi kinaonekana kwa shida.

Halafu kuna jua. Mtengenezaji mwenyewe anasema: ndani ya nyumba, mita 2 kwa kitu cheupe na sentimita 80 kwa kijivu. Nje, chini ya mawingu, cheupe kinashuka hadi sentimita 80 na kijivu hadi 50. Angalieni, ni chini ya mawingu. Jua la Dodoma la saa sita mchana halimo kwenye jedwali lile. Hata kwa sentimita 50 hizo, droni yetu isivuke mita 1.6 kwa sekunde.

Mwenye kutaka umbali zaidi ataifikia TF-Luna ya Benewake, isiyofika gramu 5 na inayotajwa kuona mita 8. Mita 8 hizo ni za kitu kinachorudisha asilimia 90 ya nuru. Kinachorudisha asilimia 10 kitaonekana hadi mita 2.5 tu. Tena mwale wake una nyuzi 2 tu: kwa umbali wa mita 5 unafunika upana wa sentimita 17, na nguzo iliyo kando yake haipo. Crazyflie, droni ya Bitcraze ya Uswidi yenye gramu 27, hufungiwa bodi yenye vihisi vitano vya nuru vya VL53L1X vinavyotazama mbele, nyuma, kushoto, kulia na juu. Mimi naupenda mpango huo. Kwenye droni sauti siipendekezi, kwa kuwa propela zinaivuruga kwa upepo na kelele.

Kwa roboti ya ndani ningefunga HC-SR04 mbili, VL53L0X moja katikati, na swichi ya kugusa kwenye bampa. Msiidharau swichi hiyo. Roomba ya kwanza, mwaka 2002, ilisafisha majumba ya watu ikitegemea sana kugonga na kugeuka. HC-SR04 ziite kwa zamu, kila moja milisekunde 60, isije ikasikia mlio wa mwenzake. Waya wake wa mwangwi hutoa volti 5, kwa hiyo kabla ya kuuchomeka kwenye Raspberry Pi au ESP32, ambazo huvumilia 3.3, upitishe kwenye rezista mbili, ya kiloomu 1 na ya kiloomu 2. VL53L0X nazo zote huamka na anwani moja, 0x29. Ukiwa nazo kadhaa, ziamshe moja moja na kuzibadilishia anwani.

Mwisho ni nyaya: za umeme, za kuanikia nguo, za uzio. Uzi mwembamba haurudishi sauti ya kutosha wala nuru ya kutosha, na kwa bei tuliyoizungumzia leo sina kihisi cha kupendekeza. Anayerusha droni karibu nazo ategemee macho yake, na ya mwenzake aliyesimama upande wa pili.